Dishi la mota Malindi: mwinuko uwekwe 84 au 3.2?

mkaazi_barani (Malindi)

Assalam aleikum wakubwa. Nina dishi la sentimita 90 la kawaida, lile la ofseti, mota ya DiSEqC (risiva huiamuru kupitia kebo ileile ya dishi) yenye bomba lililopinda digrii 30, na risiva yenye USALS, inayopiga hesabu yenyewe mota izunguke kiasi gani kwa kila setilaiti. Mlingoti ni bomba la GI la inchi 2 lililochomelewa kwenye bamba la chuma la sm 25 kwa 25, limefungwa juu ya paa la zege. Nimelipima kwa timazi pande mbili, liko wima.

Kijitabu cha mota kimeandikiwa watu wa Ulaya. Jedwali lake linaanza latitudo 20, na kila ukurasa unasema elekeza kusini. Simu inaniambia setilaiti ya 36 Mashariki (longitudo yake), ukiwa Malindi, iko kwenye mwinuko wa digrii 83.9 kutoka usawa wa ardhi. Basi bano la mota nikalifunga kwenye 84, na hapo ndipo boliti inapogonga mwisho wa tundu lake refu, haiendi zaidi. Kisha nikacheza na pembe ya dishi mpaka 36 ikaingia. Kipimo cha dishi sasa kinasoma 32 na kidogo. Kaskazini nimeitafuta kwa dira ya simu palepale juu ya paa.

Hali ilivyo: 36 ubora wa mawimbi kwenye risiva ni 78. 7 Mashariki (ya Azam) inakuja na kukatika, inatulia nikilisukuma dishi kidogo litazame kusini. 68.5 hakuna kitu, ila nikilivuta dishi kwa nguvu litazame kaskazini inafika 40. USALS nimeandika 3.2 Kusini, 40.1 Mashariki. Mwinuko unawekwa wapi hasa, kwenye mota au kwenye dishi, na namba ni ipi? Kila ninayemuuliza ana yake.

---

fundi_dari (Lamu)

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Kuna pembe tatu hapo na umezichanganya. Kosa hili ni rahisi zaidi kwetu pwani kuliko huko kilikoandikwa kijitabu chako, kwa sababu hapa namba mbili kati ya hizo zimekaribiana mno.

Ya kwanza ni mwinuko wa setilaiti, hiyo 83.9. Hiyo ni ya dishi lisilozunguka. Ukishaweka mota, iache kabisa.

Ya pili ni pembe ya mhimili wa mota, ule ambao dishi linauzunguka. Mhimili huo unatakiwa ulale sambamba na mhimili wa dunia, kwa hiyo pembe yake na usawa wa ardhi ni latitudo ya mahali ulipo: Malindi 3.2, kwetu Lamu 2.3. Ikiwa bano lako lina kipimo cha mwinuko badala ya latitudo, toa kwenye 90: Malindi 86.8. Ncha ya juu ya mhimili inatazama kusini, ya chini kaskazini. Kijitabu kinasema kusini kwa sababu mwandishi wake yuko kaskazini ya ikweta; sisi tuko kusini yake, setilaiti zote ziko upande wetu wa kaskazini, hata kama kwa macho zinaonekana kama ziko utosini.

Ya tatu ni pembe ya dishi juu ya bomba la mota. Hii haihusiani na setilaiti yoyote. Ni pindo la bomba toa deklinesheni, yaani ule mteremko mdogo unaotokana na sisi kuwa pembeni kidogo ya ikweta huku setilaiti ikiwa kilomita 42,164 tu kutoka kitovu cha dunia. Kwa Malindi mteremko huo ni 0.57, Lamu 0.40. Bomba lako la 30 linataka dishi lisome 29.4. Mwenye bomba la 35 aweke 34.4, la 40 aweke 39.4. Soma pindo kwenye kijitabu cha mota yako, usikisie kwa jicho.

Jumlisha uone kama hesabu inafunga: 90 toa 3.2 toa 0.6 ni 86.2. Hapo ndipo juu kabisa dishi lako litakapotazama mota ikiwa sifuri, na ndiyo kilele cha mstari wa setilaiti kwa mtu wa Malindi.

Sasa dalili zako, maana umezieleza vizuri. Kwenye 84 umeupa mhimili latitudo 6 badala ya 3.2, umezidisha 2.8. Dishi likawa linatazama kaskazini mno, nawe ukalirudisha kusini kwa digrii hizohizo 2.8. Ndiyo maana linasoma 32.2 na si 29.4. Makosa mawili yameuana pale juu, 36 ikaingia. Lakini hayauani sawasawa pembeni. Kosa la mhimili linapungua kadiri mota inavyozunguka, la dishi linabaki vilevile. Kwa 68.5 mota inazunguka 33.1 mashariki, kwa 7 inazunguka 38.5 magharibi (36 ni 4.8 tu magharibi). Ukipiga hesabu, tofauti inayobaki ni kama 0.45 upande wa mashariki na 0.6 upande wa magharibi, zote mbili dishi likitazama kusini kupita kiasi.

Nusu digrii haiwezi kukuzimia 68.5. Mwale wa dishi la sm 90 kwenye masafa ya Ku, haya ya madishi madogo ya nyumbani, una upana wa karibu digrii 2; ukitoka digrii 1 katikati umepoteza kama nusu ya nguvu, lakini nusu digrii bado unatazama televisheni. Halafu angalia mikono yako ilivyosema: mashariki inataka kaskazini, magharibi inataka kusini. Pande mbili zikivutana kinyume, kosa si la mwinuko hata kidogo. Ni kaskazini yako. Mota imegeukia mashariki kwa takriban digrii 3. Hilo peke yake linashusha 68.5 kusini digrii 1.6 na kupandisha 7 kaskazini karibu 1.9. Changanya na ile nusu digrii ya kwanza: mashariki umekosa zaidi ya 2, magharibi kama 1.3. Ndiyo maana 7 inachungulia na 68.5 imekufa.

Kwa hiyo anza na kaskazini. Kosa la latitudo ukilisawazisha kwa dishi, karibu na ikweta linasameheka. Kosa la kaskazini halisameheki, na ubaya wake ni kwamba kwenye setilaiti ya juu halionekani kabisa: geuza mota digrii 3 huku dishi linatazama juu, 36 haitikisiki.

---

TimaziSawa (Malindi)

Naongezea hapo kwenye kaskazini, fundi ameshamaliza mengine.

Dira juu ya paa la zege ni kazi bure. Ndani ya zege mna nondo, mlingoti wenyewe ni chuma, jirani ana mabati. Tofauti ya kaskazini ya dira na kaskazini halisi huku pwani ni ndogo, haifiki digrii 2; kinachokupotosha ni vyuma vya karibu. Ukitaka kutumia dira, shuka chini, simama mita kadhaa mbali na chuma chochote, chukua alama ya mbali kama mnara au mnazi, kisha panda uitazame alama hiyo kutoka kwenye mlingoti.

Ila sisi wa Malindi tuna njia nyepesi zaidi. Kibla chetu ni kaskazini halisi, kasoro haifiki hata digrii 1 kuelekea magharibi, kwa sababu Makka iko kwenye longitudo 39.8 na sisi tuko 40.1. Wa Lamu kibla chao kimelala magharibi kwa digrii 2 na nusu. Kwa hiyo zile siku mbili jua linapokuwa juu ya Alkaaba, tarehe 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana na tarehe 16 Julai saa sita na dakika 27, kivuli cha timazi kinalala kusini-kaskazini kwenye sakafu yako. Chora mstari kwa chaki, umemaliza. Mihirabu ya msikiti mpya uliopimwa vizuri inatosha kwa kuanzia, lakini misikiti ya zamani mingine imepotoka digrii kadhaa, usiitegemee kwa mota.

Siku nyingine tumia kivuli cha mchana, ila jua la hapa lina hila. Machi na Oktoba linapita karibu na utosi, kivuli kinakuwa kifupi na kinageuka haraka, hakifai. Juni ndio wakati wake: katikati ya mwezi jua linakata kaskazini saa sita na dakika 19 na nusu kwa Malindi, saa sita na dakika 16 na nusu kwa Lamu, na fimbo ya mita 1 inatoa kivuli cha nusu mita kuelekea kusini. Tarehe 25 Desemba saa ni hizohizo, ila kivuli ni kifupi zaidi na kinaelekea kaskazini. Kuwa makini na saa, kila dakika moja unayochelewa kivuli kimegeuka nusu digrii.

Na usigeuze mota kwa kubahatisha. Bomba la GI la inchi 2 lina kipenyo cha nje cha milimita 60, mzingo wake ni kama 188. Digrii 1 ni nusu milimita! Digrii 3 ni milimita 1.6. Kwa hiyo kabla ya kulegeza chochote, bandika utepe wa karatasi kuzunguka bomba chini ya bano, chora mstari mmoja kwa msumari ukivuka bano na utepe, halafu chora mistari mingine kila nusu milimita. Legeza nati robo tu, bano liwe linakwama lakini linasogea, gonga kwa mpini wa mbao. Mbele ya mota iende magharibi.

---

mkaazi_barani

Shukran sana wakubwa, hii ya makosa mawili kuuana sikuwahi kuisikia. Maswali matatu. Bano haliendi zaidi ya 84, hiyo 86.8 nitaipataje? Pili, kipimo kilichopigwa chapa kwenye bano siamini kama kiko sawa, nahakiki kwa nini? Tatu, simu inasema LNB, kile kichwa cha kupokea mawimbi mbele ya dishi, kwa 68.5 izungushwe digrii 83, na ya 36 digrii 52. Niizungushe ipi?

---

bint_langoni (Lamu)

La tatu kwanza kwa sababu linaharibu watu. Usiizungushe hata moja. Hizo ni namba za dishi lililofungwa mahali pamoja. Kwenye mota, LNB inakaa sifuri, imenyooka na mkono wake, na mota ikizunguka inaizungusha pamoja na dishi. Ukiweka 83 juu ya hapo, mlalo na wima vinabadilishana na utapata chaneli nusu au usipate kabisa.

La bano: inua bamba la chini. Unahitaji digrii 2.8, na bamba lako ni sm 25, kwa hiyo upande wa kaskazini uinuke milimita 12 ili kichwa cha mlingoti kilale kusini. Usitumie washa zilizorundikwa, zinalegea kwa mtikisiko. Kata vipande viwili vya bamba la chuma la mm 12, viweke chini ya boliti mbili za kaskazini, kisha jaza pengo lote kwa saruji na mchanga mkavukavu. Mlingoti hautakuwa wima tena na usijali. Wima wa mlingoti ni njia ya kufikia mhimili ulio sawa, mhimili ndio unaoangaliwa. Lakini mashariki na magharibi ubaki wima kabisa, hapo timazi haina msamaha.

Anayejenga mlingoti mpya ni bora akunje juu kabisa digrii 30 kuelekea kusini, halafu bano aliweke kwenye latitudo 33.2 (Lamu 32.3). Unafanya kazi katikati ya kipimo badala ya ukingoni, boliti inashika vizuri, na dishi linapata nafasi ya kuzunguka bila kugonga bomba.

Kuhakiki: peleka mota sifuri. Weka simu au kipimapembe kwenye sehemu iliyonyooka ya bomba la mota, baada ya pindo. Mwinamo wake kutoka usawa uwe pindo jumlisha latitudo: 30 na 3.2, yaani 33.2. Ukipata hivyo, sahau chapa ya bano inasema nini. Simu yenyewe ijaribu kwanza juu ya meza, isome, igeuze kichwa na mguu isome tena; zikitofautiana, gawanya kwa mbili. Asiye na simu ya kuaminika achukue kipande cha mbao cha sm 50 kilichonyooka na pimamaji: mm 28 chini ya ncha moja ndiyo 3.2, mm 20 ndiyo ya Lamu. Linganisha na uso wa mota ulio sambamba na mhimili, kama mota yako inao.

---

fundi_dari

Nakubaliana na bint_langoni isipokuwa kwenye kukunja digrii 30, hapo pana mtego. Ukizungusha bano juu ya bomba lililolala 30, huzungushi mota kaskazini peke yake. Kila digrii 1 unayogeuza, karibu nusu yake inakwenda kwenye sifuri ya mota, na USALS itakosa setilaiti zote kwa upande mmoja. Mlingoti uliokunjwa ugeuzwe chini, kwenye sehemu iliyo wima: bomba nene limesimama kwenye zege, bomba lililokunjwa linaingia ndani yake, boliti tatu zinalibana. Juu bano likishafungwa katikati ya mkunjo, liachwe. Kwa mlingoti wa ndugu yetu uliolala digrii 2.8 athari hiyo haipo, azungushe juu bila wasiwasi.

---

bint_langoni

Kweli kabisa, sehemu ya chini iwe wima na ndipo pa kugeuzia. Asante kwa kusahihisha.

Tukiwa hapohapo, maji. Ulaya mota inasimama na konekta zinatazama chini. Hapa mota imelala karibu usawa, na dishi likitazama 86 LNB inainamia dishi, kwa hiyo tundu la konekta linaweza kutazama pembeni au juu. Chumvi ikiingia mara moja, waya wa kati unakuwa kijani. Kifuniko cha mpira cha konekta, utepe wa kujishika wenyewe kutoka chini kwenda juu, na kitanzi cha kebo kinachoning'inia chini ya konekta ili tone lidondoke kabla ya kufika. Mota ikiwa na kitundu cha kutolea maji, hakikisha bado kiko chini baada ya kuilaza. Boliti za chuma kisichoshika kutu zipake grisi, la sivyo nati inang'ang'ania na mwaka wa pili utaikata kwa msumeno.

Wa Mji wa Kale wa Lamu, ulio kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001: ulizeni kabla ya kusimamisha chochote juu ya dari, na msiweke boliti za kutanuka kwenye ukuta wa jiwe la matumbawe. Zinatoka na kipande cha ukuta. Pitisha boliti upande hadi upande na bamba nyuma.

---

mkaazi_barani

Nimefanya kwa mpangilio mlioutoa. Kaskazini kwanza: nimegeuza milimita 1.5 magharibi, 68.5 ikaamka hapohapo na kufika 55, 7 ikatulia 66. Halafu nikainua bamba mm 12, bomba likasoma 33.3, nikashusha dishi hadi 29.4. Sasa 36 ni 82, 7 ni 74, 68.5 ni 70. Nikikaza nati za dishi 68.5 inashuka hadi 64. Hilo ni la kawaida?

---

TimaziSawa

Kukaza kunalivuta dishi. Usikaze upande mmoja hadi mwisho. Kaza kushoto robo, kulia robo, huku unatazama risiva, na ukiona linavutwa juu anza chini kidogo ili limalizie mahali pake. Fanya hivyo ukiwa kwenye 36 na si kwenye 68.5, kwa sababu pembe ya dishi inasawazishwa kwenye setilaiti ya juu, na pembeni unasawazisha kaskazini tu. Ukisawazisha dishi kwenye 68.5 utaipata yenyewe na kuipoteza 7.

Ukishakaza, pitia tena zote tatu ukisukuma ukingo wa dishi kwa kidole. Ubora ukishuka kila upande unaosukuma, umefika katikati.

---

fundi_dari

Na upige rangi mstari unaovuka bano na bomba, mwingine unaovuka dishi na bomba la mota, kabla kusi halijashika. Kwa dishi lililolala namna hii, kusi linapiga mgongo kutokea chini na kuliinua, kwa hiyo bano la chini la dishi ndilo linaloteleza kwanza. Mstari ukiachana hata unywele, utajua kilichosogea ni kipi na hutaanza upya na zote tatu.

Siku ya upepo mkali rudisha mota sifuri. Likiachwa limelala 38 magharibi, uzito wote na upepo wote vinakaa kwenye gia.